Kisomo Kisikatike

Aqsa Kombo alikuwa mwoga tangu utotoni, na hakuna mtu katika jumba lao la Section Three, Eastleigh, asiyelijua hilo. Aliogopa mbwa. Aliogopa mtungi wa gesi unapofunguliwa na kutoa ule mlio wake wa nyoka. Aliogopa lifti za maduka makubwa ya First Avenue, na akitumwa gorofa ya sita kununua kitambaa alipanda ngazi, akashuka ngazi. Kwa hiyo siku aliyotangaza kwamba anataka kusomea urubani, mjomba wake Abukar, mwenye duka la mapazia, alicheka hadi ikambidi aweke kikombe chake cha kahawa chini.

"Wewe? Wewe unayeogopa lifti?"

"Lifti inaendeshwa na nani, Mjomba?"

"Haiendeshwi na mtu."

"Ndiyo maana naiogopa."

Abukar akaacha kucheka. Hakuwa na mtoto wa kike, na dada yake Muhiba alikuwa na huyu mmoja tu. Kabla ya mwezi kuisha alikuwa amekubali kubeba ada ya shule ya urubani pale uwanja wa ndege wa Wilson, na aliyekataa kuambiwa habari hiyo mara mbili alikuwa Muhiba mwenyewe. Aliambiwa mara moja, akaingia jikoni, akafunga mlango, na mahamri ya siku ile yakaungua.

Si kwamba Muhiba alikuwa mama mkali. Alikuwa na jambo lake, na jambo hilo lilikuwa na kaburi.

Alizaliwa Majengo ya Pumwani, katika nyumba ambayo msafiri hakutoka bila kusomewa. Nyumba nyingi za Waislamu husomea wasafiri wao, lakini nyumba hiyo ilikuwa na sharti la ziada lililotoka kwa bibi: anayebaki nyumbani hunyanyua kisomo pale msafiri anapovuka kizingiti, na hakiachi mpaka apate habari kwamba msafiri amefika. Ni Ayatul Kursi, aya ya Kurani ya kujikinga, ikirudiwa na kurudiwa, huku mtu anafua, anafagia, anakanda unga. Hazungumzi na jirani. Hanywi maji. Maustadhi wawili, kwa nyakati mbalimbali, walimweleza Muhiba kwamba dini haina sharti kama hilo. Aliwasikiliza kwa heshima, akawaandalia chai, akaendelea.

Aqsa alipokuwa na miaka tisa, baba yake Kombo alipanda basi asubuhi kwenda Garissa. Muhiba akaanza kusoma. Kabla ya adhuhuri wakaja wageni kutoka Mombasa, watu wa harusi, wenye vicheko na maneno mengi, na katikati ya vicheko hivyo Muhiba alijikuta anasimulia jambo fulani la zamani, naye akacheka pia. Alasiri ikaja simu. Hakuna mtu aliyemlaumu. Basi lilipasuka gurudumu, polisi walisema, na ndivyo ilivyokuwa. Lakini tangu siku hiyo Muhiba hakuwahi kucheka na mgeni bila kwanza kutazama saa ukutani.

Kwa hiyo Aqsa alipoanza masomo, mama alimkalisha kitandani akamshika mikono yote miwili.

"Mwanangu, basi ninalijua. Linatoka, linafika. Hiyo ndege yako unaniambia inapanda na kushuka mara ngapi kwa siku?"

"Mara nyingi, Mama. Ndiyo mazoezi yenyewe."

"Sasa mimi nitajuaje saa ngapi uko juu na saa ngapi uko chini?"

"Huwezi kujua."

"Basi soma mwenyewe. Magurudumu yakiacha ardhi, anza. Yakigusa ardhi, nyamaza. Hapo katikati kisomo kisikatike. Umenisikia? Hata neno moja la watu ukilazimika kulisema, liseme haraka urudi."

Aqsa aliahidi. Hakuwa mtu wa kuamini sana masharti ya bibi, lakini alikuwa amelala chumba kimoja na huzuni ya mama yake kwa miaka mingi, na huzuni ya namna hiyo huingia mwilini kama moshi wa makaa unavyoingia kwenye nguo.

Mwalimu wake alikuwa Kapteni Munyoki, mtu mfupi wa Kitui aliyestaafu kutoka jeshi la anga. Alikuwa amehudumu miaka mingi kwenye kambi iliyo mwisho kabisa wa Eastleigh, nyuma ya ukuta ambao watoto wa mtaa, Aqsa akiwamo, walikulia wakisikia ngurumo zake. Kapteni alizungumza polepole na hakupandisha sauti. Siku za kwanza hakusema lolote kuhusu midomo ya mwanafunzi wake iliyokuwa ikicheza muda wote. Siku ya tano hivi akashindwa kuvumilia.

"Aqsa, unaongea na nani?"

"Na Mungu, Kapteni."

"Sawa. Mwambie akusaidie kulegeza mkono. Unaukaba huo usukani kama kuku wa Krismasi."

"Samahani, Kapteni."

"Usiniombe mimi samahani, iombe ndege. Hii kitu inataka kuruka yenyewe. Kazi yako ni kuikumbusha tu."

Lakini mkono haukulegea. Ulikuwa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia hukaa kwenye kishikio cha nguvu za injini, na kila ndege ilipotikisika ulikaza zaidi. Kuna zoezi ambalo mwalimu huinua pua ya ndege juu, juu zaidi, mpaka hewa inachoka kuibeba. Honi inalia kama mtoto, mabawa yanatetemeka, halafu pua inaanguka na dunia yote inajaa kwenye kioo cha mbele. Dawa yake ni kuisukuma pua chini, kuelekea hukohuko unakoanguka. Mwili mzima wa Aqsa ulikataa. Alielewa sababu yake, aliiandika kwenye mtihani akapata alama zote, lakini mwili ulikataa, na mara mbili Kapteni alilazimika kumtoa mkono kwenye usukani kidole kwa kidole. Siku hizo alirudi nyumbani akaoga kwa muda mrefu, na mama alimsikia akitapika.

"Acha, mwanangu," Muhiba alisema mlangoni. "Hakuna atakayekucheka."

"Nitajicheka mwenyewe, Mama."

Siku ya kuruka peke yake haikutangazwa. Ndivyo wanavyofanya: mwanafunzi hupewa ghafla, asije akalala na hofu. Waliruka pamoja mizunguko mitatu, na waliposimama pembeni mwa njia ya ndege, Kapteni Munyoki akafungua mlango injini ikiwa inanguruma.

"Mzunguko mmoja," alisema. "Unapanda, unazunguka, unatua. Mimi nitasimama pale na redio yangu ya mkononi."

"Kapteni, sijawa tayari."

"Najua. Nenda."

Mlango ukafungwa. Kiti cha kulia kikabaki kitupu, mikanda yake imekunjwa vizuri kama nguo za mtu aliyekufa. Aqsa alikitazama mara moja tu.

Bila uzito wa mwalimu ndege iliruka mapema kuliko alivyozoea. Ardhi iliachia kabla hajajiandaa, na palepale, kwa sauti kubwa ambayo hakuwahi kuitumia akiwa na Kapteni pembeni, akaanza kusoma. Mkono wa kushoto ukakaza. Aliona mabati ya Kibera yakizama chini ya bawa, aliona mbuga imelala upande wa pili, kavu na pana. Akageuka. Akasoma. Akageuka tena, sasa akiwa sambamba na njia ya ndege kwa chini kushoto kwake, nyembamba kama mkanda. Hapo ndipo alipotakiwa kujitambulisha kwa mnara wa kuongoza ndege. Alisema maneno yake ya redio kwa haraka, kama mama alivyomwagiza, akarudi kwenye kisomo akingoja jibu.

Jibu halikuja.

Wilson haina ukimya. Ni uwanja wa ndege za miraa na za watalii, za madaktari wanaokimbilia kaskazini na za wanafunzi wanaokosea majina yao, na mchana kutwa redio yake hubwata kama soko. Mwongozaji wa zamu mnarani siku ile alikuwa Nasambu, sauti aliyoijua kila mwanafunzi, sauti kavu isiyopoteza neno. Aqsa alijitambulisha mara ya pili. Kimya. Akasikia sauti yake mwenyewe tu ndani ya hedifoni, ikisoma, ikihema.

Hofu aliyokuwa nayo tangu asubuhi ilikuwa hofu ya kuanguka. Hii ilikuwa nyingine. Ilimjia kwamba labda dunia ya chini imekwisha, kwamba kumetokea jambo na yeye ndiye aliyebaki hewani, hakuna atakayemwambia ashuke. Akasoma kwa sauti zaidi. Akakaza mkono zaidi. Akageuka kuelekea njia ya ndege, akapunguza nguvu, na alipoinyoosha pua akaona kwamba njia haiko wazi. Ndege nyeupe ya abiria ilikuwa imesimama mwanzoni mwake, taa zinawaka, imetulia kama mtu anayengoja jina lake liitwe.

Kutoka kwenye kioo cha mnara taa nyekundu ikaanza kumulika usoni mwake.

Alijua maana yake: usitue. Alikuwa ameisoma kwenye kitabu na kuona kwamba haitamhusu kamwe. Mkono wa kulia ulisukuma nguvu zote mbele bila kumuuliza, injini ikapiga kelele, na ndege ikapita juu ya ile nyeupe, juu kiasi cha kutosha ingawa yeye aliona kama magurudumu yataikwaruza. Akapanda. Alikuwa analia. Bado alikuwa anasoma.

Ni katika kupanda huko ndipo alipouona mkono wake wa kushoto, kana kwamba ni wa mtu mwingine. Vidole vilikuwa vyeupe. Kidole gumba kilikuwa kimezama kwenye kitufe kilicho juu ya pembe ya usukani, kitufe unachokibonyeza unapotaka kusema, na unapaswa kukiachia ili usikie. Kwenye kioo kidogo cha redio palikuwa na herufi moja inayowaka, ishara kwamba redio inarusha sauti. Huenda ilikuwa inawaka tangu magurudumu yalipoacha ardhi.

Hakuna aliyekuwa amenyamaza. Yeye ndiye aliyekuwa amewaziba mdomo wote. Kisomo chake kilikuwa kimejaza mawimbi ya uwanja mzima, na chini ya kisomo hicho Nasambu alikuwa akiita bila kusikika, na rubani wa ndege nyeupe, aliyekuwa ameambiwa aingie njiani angoje, hakuweza kuambiwa aruke wala aondoke.

Ili asikie ilimbidi aachie. Ili aachie ilimbidi mkono ufunguke, na mkono haukutaka kufunguka mdomo ukiwa unasoma. Vilikuwa vimefungwa pamoja, hofu na kisomo. Juu ya mbuga, katikati ya aya, Aqsa Kombo alinyamaza.

Kidole kikainuka. Sauti zikamwagika masikioni mwake zote kwa pamoja, nne, tano, kisha moja ikazishinda.

"...mwanafunzi, kama unanisikia, jibu."

"Nakusikia," alisema, akakumbuka kuachia.

"Vizuri sana," alisema Nasambu. Kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa kavu. "Nipe dakika niondoe huyu, halafu nitakutua. Endelea kuzunguka. Usiguse kitu."

Alizunguka kimya. Hakuna umbali mrefu aliowahi kusafiri kuliko huo. Kila sekunde isiyo na kisomo aliiona ikining'inia kama gurudumu la basi la Garissa kabla halijapasuka. Alitua vibaya, akaruka kidogo, akatua tena. Mwishoni mwa njia alizima injini akashindwa kufungua mlango.

Kapteni Munyoki ndiye aliyeufungua.

"Leo uwanja mzima umesomewa," alisema. "Yule rubani wa ndege nyeupe ameniambia hajawahi kungoja ruhusa huku anaombewa."

"Nimeharibu, Kapteni?"

"Umekosea. Kuharibu ni kutua juu ya watu. Uliona taa ukapanda." Akamfungulia mkanda. "Lakini Aqsa, hilo jambo haliwezi kurudi humu ndani. Siongelei dini yako. Naongelea kidole."

Wanafunzi wenzake walikuwa tayari na ndoo, maana anayeruka peke yake mara ya kwanza lazima amwagiwe maji. Irungu, kijana wa Umoja aliyekuwa na mdomo kuliko wote, ndiye aliyeibeba.

"Niaje, Ustadha! Kesho unatusomea ya kupita mtihani ama ni ya kutua tu?"

Walicheka. Aqsa alisimama pale buibui limemganda mwilini, akashukuru kwamba maji yalimfika usoni kwa wingi.

Jina la Ustadha lilibaki. Yeye hakurudi Wilson kwa wiki nzima. Alikaa dukani kwa Abukar akikunja mapazia, na jioni alimtazama mama yake akikanda unga, asijue pa kuanzia. Akiruka anasoma, atawaua watu. Akiruka bila kusoma, na jambo likitokea, mama atajua sababu, na safari hii sababu hiyo itammaliza. Mwishowe alisema yote kwa pumzi moja, jikoni, wakiwa wamepeana migongo.

Muhiba hakugeuka.

"Kwa hiyo mimi ndiye ningekuua," alisema.

"Sikusema hivyo, Mama."

"Mimi nasema." Aliendelea kukanda. Unga ulikuwa umekwisha kulainika zamani. "Kule juu unatakiwa usikilize."

"Muda wote."

"Basi usisome. Nipe mimi. Ukikaribia kupanda nitumie ujumbe, nitaanza. Ukishuka nipigie. Si ujumbe, nipigie. Nisikie sauti yako ndipo ninyamaze."

"Mama, siku nyingine ni saa nyingi."

"Nina kazi gani nyingine?"

Ndivyo walivyogawana. Aqsa alirudi kwa Kapteni, akaruka midomo imefungwa, na hofu, ambayo sasa haikuwa na pa kutokea, ilibaki ndani yake. Haikuwahi kumtoka. Alijifunza tu kukaa nayo kiti kimoja. Mkono ulilegea, si kwa siku moja, mpaka kidole gumba kikajua kupumzika kando ya kitufe. Honi ya kuanguka ilipolia alisukuma pua chini, meno yameumana, na kila mara alijua kwamba mbali kule, zaidi ya majengo ya mjini, kuna mwanamke amesimama juu ya paa la jumba kati ya matangi ya maji na kamba za nguo, anatazama kusini, anasoma. Simu ilipoita baada ya kutua, upande wa pili hakukuwa na "halo". Palikuwa na aya inayomaliziwa mpaka neno lake la mwisho, halafu pumzi, halafu: "Haya."

Siku ya mtihani wa leseni, mtahini alikuwa mzee mwenye miwani ambaye hakutabasamu. Alimzimia injini juu ya mashamba akamwambia, "Tafuta pa kutua." Alimfunika vioo, alimpoteza, alimwambia ajitafute. Aqsa aliogopa kwa unadhifu, jambo moja baada ya jingine, kila jambo kwa zamu yake. Waliporudi chini mtahini alivua miwani akaifuta.

"Mikono yako ni mitulivu," alisema. "Umepita."

Yaliyofuata yalikuwa kelele tu. Kapteni Munyoki alimshika mkono akasahau kuuachia. Irungu na wenzake walileta ndoo mbili. Palikuwa na picha, palikuwa na karatasi za kutia sahihi, palikuwa na pilau kwenye mkahawa wa shule, na Aqsa alikula kama mtu aliyetoka hospitali. Alimpigia Mjomba Abukar.

"Allahu Akbar!" Abukar alipiga kelele, na nyuma yake duka zima likauliza kuna nini.

"Lakini Mjomba, usimwambie Mama. Nataka nimwambie mwenyewe, uso kwa uso. Nataka nimwone."

"Siri yangu na wewe."

Siri ya Abukar ilizunguka First Avenue kabla ya adhuhuri. Wenye maduka walijua, wasukuma mikokoteni walijua, na wote walijua pia kwamba mama hapaswi kuambiwa mpaka binti afike. Walipomwona Aqsa akishuka kwenye gari jioni ile, walimpigia makofi kutoka vibarazani. Alinunua halua kwa mama. Aliingia mlango wa jumba lao akitabasamu, na kwenye ngazi akakutana na jirani yao Fartun, amebeba kikombe cha maji.

"Afadhali umekuja," Fartun alisema. "Mamako yuko juu tangu asubuhi. Nimempelekea maji mara tatu, hataki. Namuuliza nini, ananionyesha kidole tu, kwamba ningoje."

Aqsa akasimama na mguu mmoja hewani.

Alikuwa ameificha habari njema. Hakukumbuka kwamba simu ya baada ya kutua haikuwa ya habari njema, ilikuwa ya kumruhusu mama anyamaze.

Alipanda ngazi akikimbia, halua imeanguka mahali fulani. Juu ya paa nguo zilikuwa zimekauka zamani, zimekakamaa kwenye kamba. Muhiba alikuwa amesimama kwenye ukuta wa upande wa kusini, mkono mmoja umeshika tangi la maji ili asianguke. Sauti haikuwapo tena. Midomo ilikuwa imepasuka na bado ilikuwa inacheza, na macho yake, mekundu kwa jua la kutwa, yalikuwa yameganda mahali pamoja pa anga. Simu ilikuwa kwenye kiganja chake kingine, ameishika kwa nguvu hadi vidole vimekuwa vyeupe.

"Mama," Aqsa alisema. "Mama, nimefika. Nimefika."

Muhiba aligeuka. Alimtazama kuanzia miguuni, ambako vumbi la Wilson lilikuwa limegandamana na maji ya ndoo, akapanda polepole hadi usoni. Hakuacha. Midomo iliendelea mpaka ikafika mwisho wa aya, neno kwa neno, kisha ikafunga.

Aqsa alimshika kabla magoti hayajamwachia, wakakaa chini pamoja kwenye saruji yenye joto. Alimfungua vidole kimoja kimoja akamtoa simu mkononi. Fartun, aliyefuata kwa kuhema, alimpa kikombe, na Muhiba akanywa maji yote, akaomba mengine, akayanywa pia.

"Nisamehe, Mama. Nilipita. Nilitaka nikuambie..."

Muhiba alitikisa kichwa, si kwa kukataa, wala si kwa hasira. Alikuwa anajaribu koo lake kama mtu anayejaribu ufunguo.

"Utaruka tena lini?" aliuliza. Ilitoka mikwaruzo mitupu.

"Kesho kutwa. Asubuhi."

Mama alifuta midomo kwa ncha ya leso yake, akakiangalia kidogo kidoa cha damu kilichobaki juu yake.

"Basi kesho," alisema, "usiniongeleshe sana."